Usitoe slaidi kabla hujajua jina lako litakaa wapi

Daktari mmoja kijana aliyeko wilayani, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, ameniandikia: "Shikamoo dokta. Naona makala yako ya saratani ya kibofu inanukuliwa mpaka Misri. Mimi jina langu limo kwenye makala kadhaa za saratani lakini hakuna anayenijua. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu mko wengi huku Kanda ya Ziwa mnaotaka nilichotaka mimi: mtu akiandika kuhusu saratani za huku kwetu, asiweze kukuruka.

Nilipokuwa nasomea ubingwa wa patholojia, yaani uchunguzi wa magonjwa kwa kupima vipande vya mwili, ulikuja mradi wa saratani za watoto. Kutafuta stoo bloku za zamani, zile nta zenye vipande vya uvimbe, kusoma usiku slaidi za vioo zinazokatwa humo, kuwapigia wazazi wa Ukerewe na Magu kuuliza kama mtoto yu hai, yote niliyafanya mimi. Kuna mama aliyepokea simu yangu akalia mpaka salio likaisha. Makala ikatoka kwenye jarida kubwa, na jina langu likawa katikati, limebanwa na majina ya watu ambao Mwanza hawajaikanyaga. Katika fani yetu wa kwanza ndiye aliyeandika, wa mwisho ndiye mwenye mradi, na wa katikati anamezwa na "na wenzake". Makala ile inanukuliwa hadi leo, na kila nikiiona kwenye orodha ya marejeo kifua kinabana. Nilipoomba cheo, kamati haikuipa uzito wowote.

Basi nikaanza kusoma habari za waliotutangulia. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, uvimbe uleule tunaoupokea hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Mwanzoni wachache waliijali. Mwaka 1961 akatoa mhadhara London, mtafiti Anthony Epstein akausikia, akaomba sampuli. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwenye jarida la tiba la Lancet kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa bingwa wa hadubini ya elektroni, alikuwa mwandishi wa pili. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr, kwa sababu kilipewa jina la seli walizootesha hao wawili. Jina la Achong halimo. Siku niliyolisoma hilo niliacha kujiona niko peke yangu.

Makala yangu ya kibofu nilianza kuiandika nikiwa na hasira hiyo. Shirika la utafiti wa saratani la IARC lilishaweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani tangu 1994, na wagonjwa wetu wanatoka kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ya bara, kwani ufukweni kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Mayai ya vimelea nilikuwa nayaona mwenyewe kwenye biopsi, vile vipande vilivyokatwa kwenye kibofu. Nilisimamia kila kitu, nikasaini wa kwanza. Mwaka mzima ilikaa kimya. Kisha watu wa kichocho wakaiona, wakaibeba. Leo ndiyo inayoongoza kwenye ukurasa wangu wa Google Scholar, panapohesabiwa nukuu, na ninajivunia bila kuona haya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kukubaliana mapema, kwa maandishi, nani wa kwanza na nani wa mwisho, kabla hujatoa slaidi hata moja. Wakikwambia "tutaongea baadaye", slaidi zibaki kabatini.

Pili, chagua jina moja ulishike. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na dada zetu wakiolewa wanaongeza la mume. Leo unasaini hivi, kesho vile, mashine inakuhesabu kama watu wawili. Kipimo cha h, cha kupima uzito wa mtafiti, alichobuni Jorge Hirsch mwaka 2005 kinataka makala 10 zilizonukuliwa angalau mara 10 kila moja ndipo upate 10. Ukijigawa mara mbili unashuka. Jiandikishe ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ni bure. Na barua pepe zinazokuita "profesa mashuhuri" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya wiki, zifute.

Wala usidhani data za hapa hazina soko. Jaribio la DoRIS la chanjo ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, lilifanyika hapahapa Mwanza kwa wasichana 930, matokeo yakatoka kwenye Lancet Global Health mwaka 2022, mwaka uleule WHO ilipoikubali dozi moja. Dunia inatuhitaji. Tatizo ni sisi kugawa bure kilicho chetu, kisha tunashukuru kwa kuwekwa katikati! Acheni unyonge, jamani. Kubalianeni mapema, narudia, kwa maandishi.

Na ukiletewa rasimu usiku wa mwisho, isome yote na urudishe maoni kwa barua pepe, siyo kwa simu. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zinataka mwandishi awe amechangia kazi, ameandika au kuhakiki rasimu, ameidhinisha toleo la mwisho na amekubali kuwajibika. Wakitaka kukuondoa, barua pepe hiyo ndiyo utakayowaonyesha.