Wanangu wa klaring, kongamano si harusi

Juzi nilirudi kutoka Shanzu, hapa Mombasa, kongamano la siku mbili la wasafirishaji na mawakala wa forodha, nikapanda matatu moja na vijana wanne wa ofisi yetu ya klaring, yaani ya kutoa mizigo ya wateja bandarini. Kila mmoja ana mkoba wa bure, kalamu tatu na picha lukuki za slaidi ambazo hatazifungua tena. Nikawauliza, mmerudi na nini? Mmoja akanijibu, "Mchuzi wa nazi ulikuwa mtamu, ami." Nilicheka mpaka daraja la Nyali. Tulipofika Buxton nilikuwa nimeshakasirika, maana mara yangu ya kwanza kutumwa nami nilirudi na habari za chakula, na mara ya pili nikafanya baya zaidi. Basi shikeni haya kabla hamjatumwa tena kwa pesa za ofisi.

1. Nenda na swali moja lililotoka mezani kwako. Entri (tamko la mzigo kwa forodha) iliyorudishwa mara mbili, mzigo ulioliwa na storeji, ile ada ya kulala bandarini, chochote kinachokukosesha usingizi. Usibuni swali palepale. Mmoja wenu alisimama ukumbini akauliza kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia ngapi. Ni 35, mwanangu! Kimo kwenye kitabu cha ushuru tangu tarehe 1 Julai 2022, na kitabu unacho wewe, kimeshikilia mlango wa stoo usijifunge.

2. Msikae pamoja. Mlijazana meza moja kama mko barazani, na nyinyi mtaonana Jumatatu. Yule wakala wa Kampala hamtamwona Jumatatu. Mimi nilikaa naye, na kwa vikombe viwili vya kahawa akanieleza jambo ambalo sikulipata kwenye slaidi yoyote: tangu utaratibu wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki uanze 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini, kwa hivyo uzito ukipishana baina ya bili (hati ya mzigo wenyewe) na manifesti (orodha ya mizigo yote ya meli), usahihishe huku huku. Lori likishafika mizani ya barabarani ya Mariakani, hilo ni tatizo la lugha nyingine.

3. Chunga mdomo. Hapa nivumilieni.

Mara ya pili nilipotumwa nilikuwa na swali, tena swali zuri. Mteja wetu mmoja, duka lake karibu na Marikiti, alikuwa ameleta kontena la taa za sola kutoka China. Niliingiza entri kwa namba ya ushuru 8513, taa za kubebeka zenye chanzo chake cha umeme. Afisa aliyekagua akasema la, hizi ni 9405, namba ya taa nyinginezo. Tukabishana. Siku za bure za bandarini zikaisha, storeji ikawa inapanda upande huu na demareji, ile ada ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli, upande ule. Kwa hivyo kipindi cha maswali kilipofunguliwa nilikuwa nimenyanyua mkono kabla msemaji hajanywa maji.

Nilipopewa kipaza sauti, yakhe, nililewa. Sijui ni sauti yangu ilivyozunguka ule ukumbi au ni suti niliyoazima kwa shemeji. Swali lenyewe lilikuwa la sentensi moja. Mimi nikaanza na hadithi. Nikataja aina ya taa, zimo ngapi kwenye kontena, bei yake kiwandani, mji zilikotoka, na duka zinakokwenda liko mtaa gani. Jina la mteja sikulitaja, na hilo nililiona ni ustaarabu mkubwa. Mombasa hii! Maduka ya taa za sola mtaa ule yalikuwa mawili. Na mwenye duka la pili alikuwa safu ya nne, kaalikwa na rafiki yake wa kampuni ya meli, anaandika.

Nilipigiwa makofi. Siku hiyo nilikula pilau nikijiona wakili.

Haukupita msimu, taa zile zile zikaonekana dirishani kwa jirani, bei chini kwa shilingi hamsini. Mteja wetu hakupiga kelele. Watu wa huku wakikasirika kikweli hupunguza sauti. Alikuja ofisini baada ya Alasiri, akakataa chai, akaomba faili zake zote. Akaniambia, "Mwanangu, nilikupa mzigo na siri yake. Mzigo umeutoa." Akaenda zake. Bosi hakunifuta. Alinihamishia kaunta ya kupanga makaratasi kwa miezi mitatu, na kila mgeni aliyeingia alielezwa, "Huyu ndiye msemaji wetu." Hadi leo nikienda Marikiti kununua pilipili manga huzungukia nyuma.

Na ningeuliza hivi tu: taa iliyokuja na betri na paneli yake inaangukia namba ipi, na nikitaka uamuzi wa mapema, kabla meli haijafunga gati, naanzia dirisha lipi? Basi. Siku hizi nyinyi mna bahati zaidi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kurahisisha biashara ulianza kutumika Februari 2017, na kifungu chake cha 3 kinataka forodha imjibu mtu aliyeomba uamuzi kwa maandishi kabla mzigo wake haujafika. Sisi tulibishana kontena likiwa juani.

4. Nyuma ya kila kadi ya mtu uliyopewa andika mlizungumza nini, siku hiyo hiyo. Kadi ishirini zisizo na neno ni karata.

5. Mpigie mwenye kadi ndani ya siku tatu.

6. Beba sweta. Baridi ya kumbi za hoteli zetu haikupangwa na mtu wa Pwani.

7. Wa Likoni: feri si udhuru. Feri ilikuwepo jana, na mada ya saa tatu asubuhi ndiyo pekee ambayo msemaji bado ana nguvu za kujibu.

Yule wa mchuzi wa nazi ana entri iliyorudishwa tangu wiki jana. Nimemwambia aniandikie swali lake kwa maneno yasiyozidi ishirini, bila jina la mteja, bila mtaa, bila bei. Ameleta arobaini na moja, na mtaa umo. Tumeanza kufuta.