Ganda la kuku wa kukaanga linabanduka na kulegea

Dada, nimekuelewa: ganda linabandukia kwenye mafuta, linalobaki linalegea baada ya dakika chache, na karibu na mfupa nyama bado mbichi.

Kwa kilo 1 ya broila, loweka vipande usiku kucha kwenye friji: vikombe 2 vya mtindi, kijiko 1 cha chakula cha chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na nusu kikombe cha kornflawa (wanga mweupe wa mahindi), chumvi na pilipili manga. Nyunyizia unga vijiko 3 vya mtindi, sugua kwa vidole upate vibonge vidogo. Vibonge hivyo ndivyo vitakavyokauka na kulia mdomoni ukitafuna. Kung'uta mtindi uliozidi, bonyeza kipande kwa nguvu ndani ya unga, kiache kwenye wavu dakika 20. Ukiruka hapo, ganda halishiki.

Mafuta yawe na nyuzi 170. Kaanga vipande vitatu vinne tu. Ukijaza karai joto linashuka na unga unanyonya mafuta. Yakizidi moto, nje hudhurungi, ndani mbichi. Mapaja huchukua dakika 12 hadi 15. Kama una kipimajoto, ndani pasome nyuzi 74. Ipulia kwenye wavu. Usimweke kwenye hotpoti, mvuke wake ndio unaolegeza ganda.

Wa kienyeji mchemshe kwanza hadi alainike, kisha mkaushe kabla ya kumpaka unga.

Mafuta yakishika moto usimwage maji: zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma.