Maswali ya Wasomaji, 2021: Usonji, barakoa na kurudi shule wakati wa korona

Kijana wangu ana miaka 7 na ana usonji (autism). Nikimvisha barakoa anaing'oa na kuitupa, na makanga wamekataa tupande matatu. Nimembembeleza, nimemchapa, wapi. Nifanyeje? (Mama Ian, Umoja)

Mama Ian, tafadhali usimchape tena. Huo si ukaidi. Watoto wengi wenye usonji huhisi mguso na harufu kwa ukali kuliko sisi, na barakoa inaleta vyote kwa pamoja: lastiki nyuma ya sikio, joto la pumzi yake mwenyewe, harufu ya kitambaa kipya.

Anza na barakoa yenyewe. Tafuta ya pamba laini, uifue mara kadhaa kwa sabuni aliyoizoea, kisha ukate lebo. Lastiki isiguse masikio kabisa: shona vifungo viwili kwenye kofia anayoipenda, kimoja kila upande, uipachike hapo.

Halafu mzoeze nyumbani akiwa ameshiba na ametulia, dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Kwanza aishike tu, au akuvishe wewe. Baadaye mguse nayo shavuni, kisha puani na mdomoni huku ukihesabu hadi tatu, uiondoe na umpe papo hapo kitu anachokipenda. Akizoea tatu, nenda tano, kisha kumi, ndipo uifunge. Wengi hukosea hapa: husubiri mtoto apige mayowe ndipo waitoe, naye anajifunza kwamba mayowe ndiyo yanayoitoa. Itoe wewe kabla hajachoka.

Na akikataa kabisa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wa Agosti 2020 unasema mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji asilazimishwe, kila mmoja aangaliwe kwa hali yake. Ngao ya uso ya plastiki haikingi kama barakoa, lakini ni afadhali kuliko kukosa vyote. Kwa kuwa kanuni zetu za korona za 2020 ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000 kwa asiyevaa barakoa hadharani, tembea na kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, umwonyeshe makanga kabla ya kupanda, si baada ya ugomvi kuanza. Mkiweza, safirini baada ya saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua.

Binti yetu wa miaka 9 haongei. Tangu Machi 2020 tulikaa naye kwenye chumba kimoja. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa amerudia, na anajigonga kichwa ukutani. Shule zilifunguliwa Januari 4, 2021 lakini hataki hata kushuka ngazi. (Baba Achieng, Kariobangi)

Kabla ya lolote, hakikisha haumwi. Mtoto asiyeongea akianza kujigonga ghafla, mara nyingi ni sikio, jino, au choo kigumu cha siku kadhaa. Mpeleke kliniki akapimwe, mkojo pia, kwa maana maambukizi ya mkojo huweza kumrudisha mtoto kwenye kukojoa kitandani.

Kama si ugonjwa, fikirieni alichonyang'anywa. Basi la shule, mwalimu, bembea, saa ya chai: vyote vilikatika kwa tangazo moja ambalo hakulielewa. Anachohitaji ni kuiona siku yake kwa macho. Fungeni kamba ukutani, mbane picha tano au sita kwa vibanio vya nguo: kuamka, choo, chai, kazi, kutembea, kulala. Picha za simu zilizochapishwa zinatosha. Kila jambo likiisha, aitoe picha mwenyewe na kuitia kwenye kopo. Msianze na picha ishirini, atachanganyikiwa.

Katikati ya siku mpeni kazi nzito, kwa sababu misuli ikifanya kazi mwili hutulia: kukanda unga wa chapati, kusukuma godoro ukutani, kubeba mtungi wa lita 5 uliojazwa nusu. Akifanyia kazi hizo juu ya paa la ploti, msimwache peke yake.

Choo kifundisheni upya bila kugomba. Mpelekeni kila baada ya saa moja na nusu, na kabla ya kulala. Kama choo ni cha pamoja na kuna foleni, wekeni poti chumbani.

Kuhusu shule, msimpeleke siku nzima ghafla. Ombeni picha ya mwalimu akiwa na barakoa na nyingine akiwa hana, maana uso uliofunikwa humpotezea mtu anayemjua. Nendeni naye Jumamosi hadi getini tu. Wiki ya kwanza akae hadi mapumziko ya chai, ya pili hadi chakula cha mchana. Mwalimu mkuu akisita, mwelezeni mpango huu kwa maandishi, wenye tarehe. Na kwa kuwa amepoteza stadi, ombeni atathminiwe upya, katika kituo cha tathmini cha kaunti au KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani.

Mjukuu wangu alifundishwa kunawa mikono, sasa hakomi mpaka ngozi imepasuka. (Shosho, Kangemi)

Shosho, ameishika amri ya kunawa, lakini hakuonyeshwa inaishia wapi. Fungeni mfereji. Mpimie maji kwenye kikombe cha nusu lita, apake sabuni ukihesabu hadi ishirini, umwagie. Maji yakiisha, kunawa kumeisha. Mpake mafuta ya kujipaka, umpe kitu cha kushika mara moja, mikono isirudi kwenye beseni. Sanitaiza iweke mbali hadi nyufa zipone, maana inawasha vibaya. Akiendelea hivyo kwa wiki mbili, mpeleke kwa daktari.