Oili ya injini ya boti inapoongezeka yenyewe

Unasema oili ya injini ya dizeli ya boti yako inapanda kwenye kijiti cha kupimia bila mtu kuijaza. Oili kama hiyo ina kimiminika kingine kinachoingia humo, na kwa kuwa unasema haijageuka rangi ikawa kama maziwa, dizeli ndiyo ya kushukiwa kabla ya maji. Harufu peke yake isikuridhishe, maana oili iliyokwisha kutumika hunuka dizeli kidogo hata kama haina tatizo. Dondosha tone moja kwenye karatasi ya kuchujia, uilaze bapa kwa saa kadhaa: dizeli husambaa mbali kuliko oili na kuacha duara jepesi kuzunguka doa jeusi. Presha ya oili inayoshuka kuliko kawaida injini ikishapata moto huongeza shaka, ingawa jibu la uhakika hutoka maabara. Baada ya hapo ningeanza na pampu ya kuvuta dizeli, kwani katika injini nyingi kiwambo chake (utando laini ulio ndani yake) kikipasuka humwaga dizeli moja kwa moja kwenye oili. Nozeli zinazovuja, yaani zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zifuate. Kuiacha injini ikiunguruma muda mrefu bila mzigo nako hupitisha dizeli kwenye ringi za pistoni. Usiiendeshe kabla ya kupata chanzo na kubadilisha oili pamoja na filta, kwa sababu oili iliyokuwa nyepesi kwa kuchanganyika na dizeli hailindi beringi.