Maswali ya Wasomaji: Maji Safi kwa Tangi la Samaki wa Bahari

SWALI: Salaam kwenu wahariri. Nina tangi la lita 300 la samaki wa bahari. Nimefunga mashine ya RO (inayosafisha maji kwa kuyasukuma yapite kwenye membreni, yaani utando unaozuia chumvi) ya galoni 75 kwa siku, inayopata maji kutoka simtanki iliyo juu ya paa. Usiku kucha haijazi hata ndoo moja, na mita ya TDS (kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka) inasoma 48 wakati maji yanayoingia ni 310. Muuzaji anasema membreni imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

JIBU: Usinunue kwanza. Unachokosa ni presha. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo simtanki iliyo mita 4 juu ya mashine inakupa baa 0.4, na hiyo nayo inapungua ikipita kwenye machujio. Membreni ya galoni 75 hutoa lita zake 284 kwa siku ikisukumwa kwa baa 3.5 hadi 4, maji yakiwa na joto la nyuzi 25. Presha ikishuka, maji safi yanapungua, lakini chumvi inaendelea kupenya kwa mwendo wake uleule. Chumvi ileile ikiingia kwenye maji machache, mita inapanda. Hiyo ndiyo 48 yako.

Tafuta pampu ya kuongeza presha ya volti 24, zile ndogo za mashine za maji ya kunywa. Ifunge baada ya chujio la mashapo la mikroni 5; kisha ufuate mkaa, membreni, na mwisho resini (punje zinazonasa chumvi iliyobaki, na zikichoka hubadilika rangi). Weka geji kabla ya membreni, na usivuke baa 5.5. Pampu hizi huja na swichi ya kuizima maji yakikatika, ila presha ya simtanki mara nyingine ni ndogo mno kuisukuma swichi hiyo. Hapo funga swichi ya boya ndani ya simtanki yenyewe, maana pampu ikizunguka bila maji itaungua.

Ukiwasha, chukua kikombe cha vipimo na saa. Kwa dakika 1 mpira wa maji safi utoe karibu mililita 200, na wa maji taka (yale yanayobaki na chumvi na kutupwa) mililita 600 hadi 800. Wapo wanaobana mpira wa maji taka ili kuokoa maji. Tunawasihi waache: chokaa inayotakiwa kutoka na maji hayo inaganda juu ya membreni, na baada ya wiki chache hapo kweli itakuwa imekufa.

Pima TDS kabla ya resini, mashine ikiwa imekimbia nusu saa. Membreni nzima hukamata asilimia 96 hadi 98, kwa hiyo kutoka 310 utarajie 6 hadi 12. Ikibaki juu ya 20, ichomoe uangalie vimpira viwili vya duara kwenye ncha yake. Kimoja kikijikunja, au membreni isiposukumwa hadi mwisho, maji machafu hupita pembeni. Vipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanavimbisha mpira, usiyatumie.

Chujio la mkaa libadilishe kila miezi 6, kwa sababu klorini ya maji ya bomba hula membreni na mita ya TDS haiioni. Ipime kwa karatasi za klorini kwenye mpira wa maji taka. Maji hayo yameshapita kwenye mkaa, hivyo yasionyeshe klorini hata kidogo. Mkaa mpya upitishe lita 20 hivi kwenye ndoo kabla ya kuunganisha membreni, mpaka vumbi jeusi liishe.

SWALI: Mimi nachota maji baharini. Mashine hii ya nini kwangu?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

JIBU: Ya kujazia. Maji yanapokauka tangini chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Tuseme unajazia lita 3 kwa siku kwa maji ya bomba yenye TDS 300. Kwa mwaka umemwaga tangini zaidi ya gramu 300 za vitu visivyotoka tena: silika inayoleta utando wa kahawia kwenye kioo, fosfeti inayolisha mwani, na kama mabomba ni ya shaba, shaba inayoua kamba na matumbawe.

SWALI: Natumia kisima. Baada ya membreni mita inasoma 9, lakini resini inabadilika rangi kwa wiki mbili tu. Kwa nini?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Tunashuku hewa ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Inapita kwenye membreni kama haipo, mita haiisomi, kisha inaimaliza resini. Jaribu hivi: pima pH (kipimo cha uasidi) ya maji yaliyotoka kwenye membreni, yapulizie hewa kwa pampu ya tangi usiku kucha, pima tena. Ikipanda pointi 1 au zaidi, umempata mwizi. Dawa ni kukusanya maji ya membreni kwenye pipa la plastiki la chakula, kuyapulizia hewa saa 24, ndipo uyasukume kwenye resini kwa pampu ndogo.

Angalia pia unaiwasha mara ngapi. Mashine ikilala, chumvi hujipenyeza upande wa maji safi, na lita za kwanza hutoka na TDS ya juu sana. Weka koki kabla ya resini, umwage lita 2 za mwanzo. Ni bora kuiwasha mara moja kwa wiki ujaze pipa zima kuliko kuchota lita tatu tatu kila siku.

SWALI: Maji taka yanafaa kwa nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Choo, sakafu, kuoshea gari. Kama chanzo ni kisima cha maji chumvi, usimwagilie mboga.