Zabibu zavimba, tango lanywea

SWALI: Shikamoo mwalimu. Zabibu kavu nikiziloweka usiku, asubuhi zimevimba. Tango la kachumbari nikilitia chumvi, linatoa maji na kunywea. Mbona kinyume? – Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni jambo lile lile, osmosisi: maji hupenya utando mwembamba kufuata kulikozidi sukari au chumvi. Sukari ya zabibu imo ndani, kwa hiyo maji ya bakuli huingia. Chumvi ya kachumbari iko nje, ndiyo maana tango hutoa yake. Jana nililinyunyizia langu nusu kijiko. Ugali haujaiva, sahani imeshatuama maji, vipande vimelegea kama kitambaa kibichi. Chumvi itie mezani, tafadhali!

Harufu ya kitunguu kufika sebuleni ni difyusheni: chembe zenyewe husambaa kutoka zilikojaa, utando hauhitajiki.