Mwanangu, Kelele Hizo Zimeandikwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako sikulichukulia kama mzaha. Umeniuliza iwapo muziki wa Dead Space, ule mchezo wa video wa mwaka 2008 unaomweka fundi Isaac Clarke ndani ya meli ya anga iliyojaa maiti zilizogeuka mazimwi, ni muziki kweli au ni kelele tu zilizorekodiwa, kwa kuwa uliusikiliza bila picha yoyote, taa zikiwa zimewaka, na bado ukaogopa. Mimi niliyepiga fidla katika okestra hadi vidole vikaanza kukataa, nakujibu kwamba ni muziki, tena uliofikiriwa kuliko nyimbo nyingi tamu unazozipenda.

Mtunzi wake, Jason Graves, alirekodi okestra halisi, lakini sehemu kubwa ya kazi ile haina wimbo wa kuufuata. Katika utunzi wa namna hii, karatasi humwagiza mpigaji la kufanya bila kumpangia kila sauti: panda hadi sauti ya juu kabisa ambayo uzi wako unaweza kuitoa, kisha teremka kwa mwendo wako mwenyewe, gonga mwili wa ala, pitisha upinde nyuma ya daraja, yaani kile kibao kidogo kinachoinua nyuzi, mahali ambapo mwalimu wangu wa kwanza alinikataza hata kupagusa. Wote hutii agizo moja, lakini hakuna wawili wanaofika pamoja, na sikio hukosa pa kushika. Wimbo wa kawaida huweka ahadi, kwani ukishausikia mstari wa kwanza unakisia wa pili utatua wapi, na kukisia huko hukutuliza bila wewe kujua. Hapa ahadi hiyo imeondolewa. Ulichokiogopa chini ya taa zako ni kutojua sauti inayofuata.

Njia hii ina wazee wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtunzi Krzysztof Penderecki wa Polandi aliandikia ala 52 za nyuzi kazi ambayo leo inajulikana kuwa ni maombolezo ya wahanga wa Hiroshima. Kwanza aliiita 8'37'', yaani urefu wake kwa dakika na sekunde, na jina la Hiroshima likaja baadaye. Kumbe hofu ilikuwamo ndani ya nyuzi kabla msikilizaji hajaambiwa anamlilia nani.

Tofauti ni kwamba Penderecki alijua dakika ya kumaliza, ilhali Graves hakuweza kujua mchezaji angefungua mlango saa ngapi. Kwa hiyo muziki wake uligawanywa katika matabaka, kuanzia mnong'ono hadi ghasia, na mchezo wenyewe huyapandisha na kuyashusha kadiri hatari inavyokaribia. Kazi hiyo ya Graves ilipata tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza ya filamu, televisheni na michezo ya video, mwaka 2009, nami nadhani waamuzi walisikia vyema.

Ukirudi kuucheza, usikimbie. Sogea polepole kuelekea kile unachokihofia, kisha rudi nyuma, nawe uniandikie ni ala zipi zilizoingia kwanza na zipi zilizochelewa kunyamaza.

Mzazi wako akupendaye.